Miaka Ndani ya Pete

Faradji alikuwa mtu wa hasira hata siku ambazo hakuna aliyemkosea. Asubuhi aligombana na mkaa usioshika moto. Mkaa ukishika, akagombana na upepo wa ziwani unaoyapeperusha majivu. Upepo ukitulia, alikuwa amekwisha kumwona mteja wa kwanza akija, naye akaanza kumkunjia uso tangu mbali. Meza yake ilikuwa pembeni mwa soko la Gisenyi, jirani na mafundi cherehani, na mafundi hao walimwita Bwana Pilipili akiwa hayupo. Akiwepo walimwita Fundi, kwa adabu zote, maana hakukuwa na mwingine pale sokoni aliyeweza kutengeneza pete ya ndoa kutoka kwenye sarafu.

Ndiyo, sarafu. Mwaka ulikuwa 1998, na dhahabu ilikuwa imekwisha vidoleni mwa watu. Nyingine ilivuliwa kwenye vizuizi vya barabarani, nyingine iliuzwa kwa unga kule kambini Goma, nyingine ilikwenda na wenyewe. Lakini vijana hawakuacha kuoana kwa sababu hiyo, na padri bado alitaka pete mbili kwenye kisahani chake. Basi Faradji alichukua faranga hamsini, ile ya shaba ya manjano, akaisimamisha juu ya kipande cha springi ya lori, akaigonga ukingoni kwa mgongo wa kijiko. Gonga, zungusha, gonga, zungusha, taratibu, mpaka ukingo ukajilaza na kupanuka kuwa mkanda. Kisha alitoboa katikati, akapiga tupa, akang'arisha kwa majivu. Maandishi yaliyozunguka sarafu hayakupotea. Yalihamia ndani ya pete, upande wa ngozi, na wateja waliyapenda sana. Pete yenye maandishi ndani ilikuwa na heshima yake, hata kama yaliyoandikwa ni jina la benki.

Watu walimuuliza kwa nini mtoto wa wauza vitenge, mjukuu wa wauza vitenge, ameacha kivuli cha dukani akakaa juani kupiga kijiko. Aliwajibu kwamba kitenge hakimwachi mtu apige kitu. Alikuwa akisema kweli. Kazi ile ilimtoa hasira kidogo kidogo, na jioni aliporudi nyumbani mkewe Saidati alimpata akiwa amebakiwa na ile ya kawaida tu, ya kugombana na chumvi kwenye mboga.

Kazi yake ya pili hakuipenda, ila mwaka ule ilikuwa nyingi kuliko ya kwanza. Alichonga vibao vya misalaba. Mwanzoni mwa mwaka basi dogo lilishambuliwa kwenye barabara ya Kanama, likachomwa na watu ndani. Walizikwa siku moja, safu moja, misalaba ya mbao inayofanana, majina yakaandikwa kwa rangi ambayo mvua iliifuta hata matanga hayajaisha vizuri. Mjane mmoja wa Rugerero, Mukagasana, hakuitegemea rangi. Alikuja kwa Faradji akaomba kibao kidogo cha shaba: Munyaneza, 1948–1998. Faradji alikichonga kwa ncha ya msumari, tarakimu moja moja, na hakumkunjia uso. Bei aliipunguza mwenyewe bila kuombwa, jambo ambalo Saidati aliwasimulia majirani kama muujiza.

Ilipofika kiangazi ndipo sarafu ngeni zilipoanza kuonekana katika chenji.

Mji ule ulikuwa umezoea pesa za kila aina. Ng'ambo ya mpaka Kongo ilikuwa imetoka tu kubadilisha zake. Waliorudi kutoka Tanzania na Uganda walikuwa na shilingi katika kila pindo la mizigo. Sarafu hizi lakini zilikuwa na ujanja wake: ukubwa ni wa faranga hamsini, rangi ni ya faranga hamsini, ila zilikuwa mpya, zinameta, zina picha ya mikono miwili inayoshikana na maandishi ya kigeni pembeni. Zilitoka mifukoni mwa Wazungu wa misaada waliolala hoteli za ufukweni, zikaingia kwa wauza sigara, zikachanganyika na zetu. Mwalimu mmoja alieleza kwamba ni sarafu za ukumbusho, nchi moja ya mbali imezitoa mwaka huohuo kuadhimisha miaka hamsini ya jambo fulani. Jambo lenyewe alilitaja, lakini hakuna aliyelishika. Walichoshika watu ni kwamba wenye maduka hawazipokei. Kwa hiyo kila aliyejikuta nayo alimsubiri mwenye haraka, au mwenye macho mabovu, akampasia.

Saidati, aliyekuwa akiuza mandazi mlangoni kwake, alipasiwa moja. Faradji alifoka mpaka majirani wakatoa vichwa.

"Yaani unapika tangu asubuhi, unaungua na mafuta, halafu unachukua hii takataka! Uko na macho ya nini?"

"Niko na macho ya kukuvumilia wewe," Saidati akamjibu, akaendelea kugeuza mandazi.

Faradji alitaka kuitupa sarafu ile barabarani. Mkono ulipoinuka, jua likaigonga, akaiona shaba yake. Shaba safi, ambayo haijapita mikononi mwa watu. Juma hilo kijana Gad, mtoto wa Mukagasana, alikuwa ameagiza pete mbili, maana alikuwa anamwoa Igihozo, msichana wa Cyanzarwe. Faradji akasema moyoni, ya bibi harusi nimeipata. Ya Gad aliitengeneza kwa faranga hamsini ya kawaida. Ile ya Igihozo aliigonga kwa kijiko kwa uangalifu ambao hajawahi kumwonyesha binadamu, na ilipotoka ilikuwa pete nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Ndani yake tarakimu zilikuwa zimebaki wazi, nzima. Aliziona. Kwake zilikuwa pambo tu, kama maua pembeni mwa sahani.

Siku ya soko, Gad akiwa amekwisha kuzichukua pete, jua likiwa kali, Mukagasana alikuja. Huyu hakuwa mama wa kelele. Alikuwa akiuza maharage, na hata mtu akimpunja hakuinua sauti. Siku hiyo aliinua.

"We Faradji! Soma hapa."

Alikuwa ameishika pete kwa vidole viwili, mbele ya uso wa Faradji, bila kuiachia.

"Nisome nini, mama? Hiyo ni pete ya mukamwana wako."

"Soma basi, donc! Ndani imeandikwa nini?"

Faradji akakodoa macho. "Arubaini na nane," akasema. "Na tisini na nane."

"Ile ni miaka ya nani?"

Hapo ndipo alipoelewa. Mafundi cherehani waliacha kukanyaga. Mukagasana akawageukia, akageukia wauza nyanya, akageukia kila aliyekuwa na masikio.

"Bwana yangu alizikwa na batu wengi, munajua wote. Nilimuwekea kibao ya shaba juu nisimupoteze. Hapa juzi, hata wiki mbili hazijaisha, nimeenda kufagia, nakuta wameng'oa misalaba yote wakafanya kuni, na kibao yangu wamekwenda nayo. Nani aliandikaka ile kibao? Ni huyu! Nani alijua shaba iko pale? Ni huyu! Sasa ameikunja, ameifanya pete, ameniletea kwa kidole ya mukamwana wangu. Na amenilipisha!"

"Mi?" Sauti ya Faradji ilitoka nyembamba, haikuwa yake. "Mi niibe kwa kaburi? Mama, hiyo ni pesa! Ni sarafu ya Wazungu, Saidati aliipata kwa chenji!"

"Pesa ya Wazungu iko na miaka ya bwana yangu? Wazungu walimujulia wapi Munyaneza?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akajuta. Faradji akanyosha mkono.

"Nipe hiyo pete nikuonyeshe. Mi nikiandika nachimba. Hizi hazikuchimbwa, zimeinuka. Gusa kwa kidole, mama, utasikia!"

"Sikupi tena." Mukagasana aliifunga pete kwenye pindo la kitenge chake, akakaza fundo kwa meno. "Hii iko yangu."

Na nyuma kabisa, katikati ya watu, sauti ambayo Faradji hakuijua ni ya nani ikasema: "Hawa hawana misalaba. Ndiyo maana ya kwetu hawaiogopi."

Heri angepigwa kofi. Faradji alizaliwa mji huo. Dada wa Saidati alikuwa ameolewa na Mkatoliki huko Goma, Krismasi walikula kwao, Idi wakala kwake. Majeneza ya Wakristo aliyabeba begani mwenyewe mwaka ule mpaka bega likaota sugu. Sasa mtu asiye na uso anamtenga kwa maneno mawili, na hakuna hata mmoja wa majirani zake wa miaka yote aliyegeuka kumwambia mtu huyo afunge mdomo. Waliangalia chini, kwenye vitambaa vyao. Faradji alipiga teke jiko lake la mkaa, makaa yakamwagika, watu wakaruka wakipiga kelele. Lilikuwa kosa kubwa. Aliyekuwa hajaamini aliamini pale pale, maana watu husema asiye na hatia hapigi teke.

Kuanzia hapo wanawake wa Gisenyi walivua pete zao wakachungulia ndani. Hata waliokuta jina la benki hawakuridhika. Walizinusa. Mmoja alirudisha ya kwake imefungwa katika gazeti, kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza, akaiweka juu ya meza bila salamu akaenda zake. Wachumba wawili walioagiza walituma mtu kusema kwamba wamebadili mawazo. Mafundi cherehani walisogeza mashine zao kidogo upande wa pili, wakidai kivuli kimehama.

Gad alikuja akiwa amenyong'onyea.

"Fundi, mi nakuamini."

"Kuniamini kwako nitakula?"

"Pole. Lakini mama amekataa. Anasema hataingia kanisani, hatapokea mutu nyumbani, mpaka mwizi ya kibao ajulikane. Na kwake mwizi ni wewe. Batu ya Igihozo nao wanauliza, wanasema pete gani hii iko na marehemu ndani. Jumamosi ndiyo siku yetu. Sijui nifanye nini."

"Umwambie mama yako alete pete, aguse zile tarakimu!"

"Haachi mutu aishike. Analala nayo."

Faradji alimtazama kijana yule, shingo imelegea, macho mekundu, akatamani kumpiga na kumkumbatia kwa mkono mmoja. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimwambia kwamba sarafu kama ile haikuwa moja tu mjini. Ataitafuta nyingine, ataiweka mbele ya mama yake, na mama yake ataimeza aibu yake yote bila maji. Gad akasema inshallah, Mkristo yule, akaondoka.

Basi akaanza kutafuta. Lo, jinsi mji unavyokugeukia! Majuma machache yaliyopita sarafu zile zilikuwa kero, kila chenji unayopewa lazima uigeuze geuze usibambikwe. Sasa Faradji anazitaka, hazipo. Alisimama kwenye vibanda vya sigara akiomba watu wamwage makopo yao ya chenji. Alikwenda hadi kizuizi cha mpakani, wanakopita akina mama wanaovuka na vikapu kwenda Goma, akawaomba wafungue vifundo vyao vya kanga. Walimcheka. Mmoja akamwambia, "Umemaliza wafu, sasa umekuja kwa wazima?" Faradji alimjibu tusi ambalo sitaliandika hapa, na askari wa zamu akamfukuza.

Baada ya sala ya Ijumaa alimwomba mzee anayetunza sanduku la sadaka amruhusu aangalie. Mzee akamtazama muda mrefu kabla ya kulifungua, akasimama juu yake wakati wote, hakuondoa macho mikononi mwake hata mara moja. Faradji aliona vile anavyoangaliwa. Msikitini kwake! Kwa watu waliosali naye bega kwa bega! Hakuipata sarafu, na alivaa viatu vyake bila kumuaga mtu.

Kwenye kituo cha mabasi alimkuta Mbonigaba, kondakta wa basi dogo la Kanama, mtu mwenye meno mengi na aibu kidogo.

"Ile ya mikono inashikana? Nilikuwa nayo."

"Iko wapi?"

"Niliipasia mukecuru mumoja, ule haoni vizuri." Alicheka kwa kujivunia. "Hakujua hata. Alisema murakoze, asante sana."

"Ulimwibia bibi kipofu!"

"Si kipofu, haoni vizuri tu. Na mi walinipasia vile vile. Kwani wewe una nini, Fundi? Si watu wanasema—"

Hakumaliza, kwa sababu Faradji alikuwa amekwisha kumkamata kola. Abiria waliwatenganisha. Faradji akaondoka, shati limeng'oka vifungo. Kibanda cha kwanza alichokifikia kilikuwa cha Mukandutiye, mwanamke aliyekuwa akiuza sigara, sabuni na viberiti, na ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwapia kwa Mungu na kwa watoto wake kwamba sarafu kama hizo hajawahi kuziona. Faradji akanunua sigara, yeye ambaye hakuwa mvutaji. Akachukua chenji, akaitia mfukoni bila kuiangalia, akavuta, akakohoa, akaitupa sigara na kuikanyaga mpaka ikawa unga. Nyumbani alikataa kula. Alilala akiwa amegeukia ukuta.

Asubuhi ya Jumamosi Saidati alichukua suruali ya mumewe aifue. Aliikung'uta mifuko, kama afanyavyo siku zote. Kisha akaja hadi kitandani, akasimama, mkono mmoja kiunoni.

"Juu ya nini hukuniambia umeipata?"

"Nimepata nini?"

Akamwekea kiganjani. Mikono miwili inayoshikana, inameta, na chini yake miaka ileile.

Faradji aliiangalia, akaangalia suruali, akaangalia tena sarafu. Mukandutiye! Alikuwa nayo wakati ule alipoapa. Aliificha apate mjinga wa kumpasia, akangoja mtu mwenye haraka, mtu asiyeangalia chenji yake, na mtu mwenyewe akaja kwa miguu yake akikohoa moshi. Saidati alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa, akaketi kitandani akicheka mpaka machozi. Faradji hakucheka. Alivaa suruali ileile chafu, akatoka.

Njia ya Rugerero inapanda, na mtu mwenye hasira huipanda upesi. Njiani alikuwa akitunga hotuba. Angesema hivi, halafu hivi. Angemkumbusha kibao alichomchongea kwa nusu bei, na majeneza aliyobeba. Angemtaka arudi sokoni, siku ya soko, asimame palepale, aseme kwa sauti ileile: Faradji si mwizi. Si kwa kunong'ona. Si kwa kumtuma Gad na kuku wa kuomba radhi. Kwa sauti ileile! Wakulima waliokuwa wakishuka na viazi kichwani walimpisha, maana alikuwa akisema peke yake na kupunga mikono.

Nyumbani kwa Mukagasana hapakuwa na dalili ya harusi. Hakuna turubai, hakuna viti, hakuna moshi wa jikoni. Gad alikuwa amekaa kizingitini na shati jeupe lililopigwa pasi, hajalifunga vifungo. Mama yake alikuwa uani akipepeta maharage, kana kwamba Jumamosi ile ni siku kama nyingine.

Faradji hakupiga hodi wala hakusalimu. Alinyosha kiganja.

"Soma."

Mukagasana aliweka ungo chini. Akajifuta mikono, akaichukua sarafu, akaigeuza kwenye mwanga. Kisha akafungua lile fundo la kitenge, polepole, akatoa pete, akaviweka vyote viwili juu ya goti, kimoja kando ya kingine. Gad alisimama. Faradji, aliyekuwa amengoja siku zote hizo, hakuweza kungoja zaidi.

"Umeona? Umeona sasa? Umeniita mwizi mbele ya soko zima! Batu walinusa pete zangu. Msikitini wananichunga kama mutoto mwenye kuiba sukari. Mi nilikukosea nini? Kibao nilikuchongea kwa roho safi, na wewe unanipaka kinyesi ya namna hii! Utarudi pale, mama, utasema kwa mudomo ule ule—"

"Iko sawa," Mukagasana alisema. Hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akipapasa ndani ya pete kwa ncha ya kidole, kisha ukingo wa sarafu, kisha tena ndani ya pete. "Zimeinuka. Hata hii tisa, mukia yake ni ule ule."

"Basi?"

"Basi si wewe."

"Si mi! Mi nilisema tangu mwanzo si mi!"

"Na si ya bwana yangu." Aliishika pete kwa muda, halafu akamnyoshea Gad bila kumtazama. "Chukua, mupelekee Igihozo. Ni pesa tu. Mwambie padri ninakuja, nioge kwanza."

Gad akaichukua. Angepaswa kufurahi, na pengine alifurahi, lakini alisimama tu pale, pete kiganjani, akimwangalia mama yake. Faradji naye alibaki na nusu ya hotuba mdomoni.

"Nitakuja soko," Mukagasana akamwambia. "Siku yake. Nitasema kwa nguvu, uko na haki. Nilikuchafua." Aliinua uso, na macho yake yalikuwa makavu, na yalikuwa na hasira bado, hasira nyingi, ila haikuwa ikimwangalia Faradji tena. "Lakini hii wiki yote, Fundi, nilikuchukia mubaya sana. Nilikuwa naamka nakutukana, nalala nakutukana. Na bado nilikuwa nashika hii fundo usiku, najua iko hapa. Bwana yangu iko hapa. Nimemupata, nitamushitakia mwizi, nitamurudisha pale yake. Sasa umekuja na chenji yako."

Faradji alitafuta hasira yake akaikuta ipo, nzima, imejaa kifuani kama alivyopanda nayo. Haikuwa na pa kwenda. Aliwafikiria waliong'oa misalaba ya watu wakapikie. Aliwafikiria waliochoma basi. Aliwafikiria hata wale wa mbali walioketi wakachagua miaka ya kuandika juu ya sarafu, miaka ya furaha yao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa pale uani akamate kola yake.

"Nitachonga kingine," akasema. Sauti ilimtoka kwa ukali, hakuwa na nyingine. "Kikubwa. Bure, sitaki hata faranga. Si kwa mbao tena, nitaleta chuma, nitaleta sementi, nitakuja mi mwenyewe na nyundo nikipigilie mpaka mwizi avunje mikono. Leo hii, mama, kabla ya kanisa, kama unataka. Twende."

Mukagasana alimwangalia. Gad aliinamisha kichwa.

"Utapigilia wapi, Fundi?" mama yule akauliza. "Kaburi yote sasa iko sawa, haina alama. Utapigilia kwa gani?"